Mado Alivyoziba Bomba

Mado Mwenya alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Alifua ya waliojifungua, ya wagonjwa wa tumbo na ya waliokufa usiku uleule. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba Mado ni mwanamke anayeogopa uchafu. Anaujua kuliko wengi wetu. Alichokataa ni kuambiwa kwamba uchafu wa mtu mwingine ni wake, na kwamba aulipie.

Mimi ninakaa ng'ambo ya barabara, mlango wangu unatazamana na wake. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki aliniambia mwenyewe, tena kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Nyumba zetu ni za kambi ya zamani ya reli. Mume wake, marehemu Floribert, alikuwa fundi wa treni, mtu wa kaskazini kama wengi wa kambi ile, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba zilipouzwa kwa wafanyakazi, alikatwa mshahara kwa miaka mingi hadi akaikomboa yake. Alipokufa, Mado alibaki na nyumba, bustani ya mboga za sombe na lengalenga nyuma yake, na binti mmoja, Gaëlle, aliyeolewa Kolwezi.

Nyuma ya nyumba hizi, chini ya udongo, linapita bomba moja la maji ya vyooni. Lilitandikwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya familia sita, mbili kila kiwanja. Linapita lupango hadi lupango, maana ndivyo tunavyokiita hapa kiwanja cha mtu na nyumba yake na ukuta wake, kisha linamwaga kwenye bomba kubwa la barabarani. Juu kabisa kuna lupango iliyokuwa ya mzee Chishimba. Inayofuata ni ya Kiki. Halafu ya Mado. Halafu barabara.

Mzee Chishimba alipofariki, watoto wake waliuza. Aliyenunua anaitwa Clément, mwenye ofisi ya kupitisha mizigo ya forodha kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alibomoa nyumba ya mzee na kusimamisha hoteli ya ghorofa tatu yenye vyumba kumi na vinne, kila chumba na choo chake na bafu lake. Tuliitazama ikipanda, tukasema labda mtaa utapata taa. Hakuna aliyejiuliza vyoo kumi na vinne vitamwaga wapi.

Mvua za kwanza za Novemba zilitujibu. Katika bustani ya Mado kuna tundu la kukagulia lile bomba, lenye mfuniko wa zege ambao wanaume wawili huunyanyua kwa shida. Asubuhi moja Mado alitoka kuchuma sombe akaukuta mfuniko umesukumwa pembeni, na maji meusi yanachemka kutoka chini kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Yalikuwa yameshapita kwenye lengalenga na kufika kwenye ngazi ya jiko. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sabuni ndogo za hotelini, na karatasi laini ambazo kwetu hakuna anayezinunua.

Alikwenda kwa Clément kwanza, kama jirani. Clément alimpokea vizuri, akamwita mama, akamletea soda. Kisha akatoa karatasi yenye muhuri.

"Mama, mi sikuiba. Nililomba ruhusa ku kampuni ya mayi, banifungulia bomba beye mwenyewe. Uende ubaulize."

Mado aliiacha soda bila kuigusa.

Kesho yake alivaa kitambaa chake cha kanisani, akashuka mjini kwenye ofisi ya maji. Alipangishwa foleni madirisha matatu. Mwishowe akaingizwa kwa kijana mmoja mwenye tai, Ariel, mkuu wa mambo ya wateja.

"Ba mama, mukae."

"Mi sikukuya kukaa. Nilikuya mutume bantu bazibue bomba yenu."

"Bomba iko wapi?"

"Nyuma ya nyumba yangu."

Ariel alifungua kitabu cha sheria za kampuni, akasoma kipande kwa Kifaransa, akakifunga. "Règlement inasema hivi: kila kintu iko ndani ya lupango iko ya mwenye lupango. Bomba, mufuniko, yote. Kutengeneza ni kazi yake. Shee tunaanzia ku barabara."

Mado alitoa kwenye mkoba karatasi yake ya maji ya mwezi ule, akaweka kidole juu ya mstari wa tatu. "Muzuri. Na hapa mulindika nini?"

"Assainissement. Njo huduma ya mayi ya buchafu."

"Minailipa kila mwezi?"

"Njo, ba mama."

"Sasa minalipa nini? Bomba ikiwa yenu, mukuye kuizibua. Ikiwa yangu, mufute huu mustari. Muchague moya."

"Ba mama, njo règlement."

"Na ule Clément, nani alimupa ruhusa ya kuingiza hoteli muzima mu bomba yangu?"

Ariel alitazama dirishani. "Alilomba branchement, kuunga bomba yake ku ya zamani. Alilipa. Iko sawa na sheria."

"Mulimuuzishia bomba yangu?" Mado alisimama. "Ikiwa ya kutengeneza, ni yangu. Ikiwa ya kuuzisha, ni yenu. Mweye iko bantu ya namna gani?"

Watu wa foleni waligeuka. Ariel alimwambia kwa upole kwamba watatuma wakaguzi, na kwamba kupiga kelele hakusaidii kitu.

Wakaguzi walitumwa kweli. Siku tatu baadaye walikuja wanaume wawili wenye sare. Hawakuleta waya wala fimbo ya kuzibulia. Walipiga picha maji yalivyokuwa yakitoka chini ya geti la Mado kwenda barabarani, wakaandika, wakampa karatasi. Ilikuwa faini ya kumwaga maji machafu kwenye njia ya umma. Alipokataa kuisaini, mmoja alikwenda kwenye mita, akafunga maji na kuitia muhuri wa risasi.

Niliisikia sauti ya Mado kutoka jikoni kwangu. "Munafunga mayi yangu juu ya mavi ya Clément!" Alilirudia mara mbili, tatu. Wale wanaume waliondoka bila kugeuka nyuma.

Gaëlle alipopigiwa simu Kolwezi alisema, "Mama, ulipe tu, biishe. Mi nitakutumia franga." Nadhani neno lile lilimuumiza kuliko faini yenyewe. Alimjibu, "Baba yako alitumika miaka makumi mbili na ine juu ya hii nyumba, sasa nilipe juu inuke mavi?" Akakata simu.

Krismasi ile alikula kwangu kwa sababu kwake usingeweza kukaa. Sombe ilikuwa imeoza. Inzi walikuwa wengi hadi akawa anapika ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa. Maji ya kunywa aliyachota kwenye bomba langu, na hata hilo lilikuwa na sheria yake. Mkaguzi mmoja aliniona akaniambia kwamba mwenye lupango haruhusiwi kutoa maji nje ya ukuta wake. Nikamwambia aandike jina langu vizuri, lina herufi nyingi. Hakuandika.

Januari Mado alimwita Kangwa. Kangwa ni mzee wa miaka karibu themanini. Ujana wake wote alikuwa fundi wa mabomba wa kambi. Alikuja na fimbo ya chuma, akatembea bustanini akiigonga ardhi, akasimama penye ukuta unaotenganisha kwa Mado na kwa Kiki.

"Bomba iko hapa, mita moya na nusu chini. Mama, baliitengeneza ya familia sita. Ile nyumba ya juu iko na byoo kumi na ine. Hata ukizibua leo, kesho itayala tena."

"Tata Kangwa, nikiiziba hapa ku ukuta, itakuwa je?"

"Mayi haina haya, mama. Itarudia nyuma, itoke ku mulango ya kwanza itapata."

Mado aliniambia baadaye kwamba maneno hayo aliyasikia vizuri kabisa. Ila hasira yake ilimwonyesha mlango mmoja tu, mlango wa vioo wa hoteli. "Kintu yote iko ndani ya lupango iko ya mwenye lupango," alimwambia Kangwa. "Njo basi. Iko yangu. Uizibe."

Ijumaa asubuhi Kangwa alichimba, akavunja bomba, akajaza matofali na saruji. Mchana bustani ilianza kukauka. Mado alivuka barabara, akaketi kwangu, akanywa chai vikombe viwili. Sijawahi kumwona ametulia vile tangu mazishi ya mume wake.

Jumamosi, kabla ya saa tatu asubuhi, tulimsikia Kiki.

Kiki ni mjane pia, na rafiki wa Mado wa tangu ujana. Waliimba kwaya moja, wakabatiziana watoto. Alikuja barabarani miguu mitupu, kitenge kimelowa hadi magotini, na harufu ilimtangulia.

"Mama Gaëlle! Kuya uone! Kuya uone mambo ulinifanya!"

Tulikimbia. Choo cha Kiki kiko ndani ya nyumba, karibu na chumba chake, na ndicho kilichokuwa mlango wa kwanza. Maji yalikuwa yamejaa kutoka kwenye choo hadi ukumbini. Godoro lililowekwa chini kwa ajili ya wageni lilikuwa limekunywa yote. Mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, ulisimama katikati, umevimba. Juu, hotelini, hakuna aliyejua kitu; tulisikia redio yao ikiimba.

"Haikukuwa juu yako," Mado alisema. "Ilikuwa juu ya Clément."

"Clément iko analala kwangu? Ile ni godoro ya Clément?" Kiki alilia kwa hasira, akimpiga Mado kifuani kwa viganja. "Miaka yote hii, Mado! Ungenigongea tu mulango! Ungeniambia!"

Mado hakujikinga. Alisimama akapigwa. Kisha akageuka, akatoka, na mimi nikadhani amekwenda kujificha kwa aibu. Nilipomfuata nilimkuta ndani ya shimo la Kangwa na nyundo kubwa ya mume wake, akivunja ile saruji. Ilikuwa haijakauka sawasawa. Alipiga, akachokora kwa mikono, akapiga tena, hadi tofali la mwisho likatoka, na uchafu wote wa nyumba mbili ukamrukia hadi kiunoni. Alipanda juu akatema mate. Bustani yake ilianza kujaa tena mbele ya macho yake.

Siku ile nzima alifua kwa Kiki. Alifua shuka, mapazia na nguo za kanisani kama alivyofundishwa hospitalini: maji baridi kwanza, sabuni, halafu maji ya moto na dawa. Godoro tulilichoma. Jioni, wakikamua shuka la mwisho, Kiki upande huu na Mado upande ule, Mado alisema polepole, "Mama Caleb, kiziba haikupaswa kukuwa kwangu. Ilipaswa kukuwa kwako, ku ukuta ya hoteli."

Kiki aliliachia shuka. "Unajua Caleb iko anatumikia nani."

Sote tulijua. Caleb, mwana wake wa pekee, alikuwa karani wa Clément kule Kasumbalesa. Alikuwa akishinda kwenye foleni ya malori na karatasi za forodha, na kwa mshahara huo alilisha mke, watoto wawili na mama yake. Mado hakumsukuma. Alimaliza kukamua, akaenda nyumbani kwake penye inzi.

Mtu aliyembadilisha Kiki si Mado, ni ofisi ya maji. Jumatano iliyofuata wale wenye sare walirudi. Kuna aliyewaambia kwamba kwa Kiki kulikuwa na mafuriko ya choo. Waliingia, wakapiga picha sakafu iliyokuwa bado na alama nyeusi, wakaandika kwamba mwenye lupango ameshindwa kutunza bomba lake, wakamwachia faini. Kiki aliwaonyesha ukuta wa hoteli na bomba jipya la plastiki lililotoboa chini yake. Mmoja akamjibu, "Mama, ile haiko yetu. Shee tunaangalia ya kwako tu."

Kiki ni mwanamke mnyamavu. Hata kwenye kwaya alisimama safu ya nyuma. Alhamisi asubuhi nilimwona anarudi kutoka sokoni nyuma ya mkokoteni wenye mfuko wa saruji. Alisimama kwenye geti la Mado.

"Ule fundi yako iko wapi?"

"Caleb je?" Mado aliuliza.

"Nilimupigia simu. Alisema, mama, nyumba ni yako." Akafuta jasho. "Umwite, mbele ya roho yangu kugeuka."

Kangwa aliziba safari hii juu kabisa, sentimita chache kutoka ukuta wa Clément, ndani ya lupango ya Kiki. Akaiacha saruji ikauke siku mbili, wakati huo Kiki akilala kwangu kwa kuogopa isipasuke.

Jumapili, tukitoka misa, tulikuta wageni wa hoteli wamesimama barabarani na masanduku yao. Mwanamume mmoja wa suti alikuwa amevaa kandambili za bafuni. Vyumba vyote vya chini vilikuwa vimejaa maji. Clément alikuwa akipiga kelele kwenye simu mbili, na saa sita mchana Ariel aliletwa, siku yake ya mapumziko, amevaa shati la maua.

Walikuja moja kwa moja kwa Kiki. Mado alikuwa amekaa mlangoni pake, na nyuma yake tulisimama wanawake tisa au kumi wa mtaa, bado na nguo za kanisa.

"Ba mama, muliharibu réseau ya mabomba," Ariel alisema. "Hii ni kosa kubwa. Tunaweza kuita polisi."

"Réseau ya nani?" Mado aliuliza.

"Ya kampuni."

"Tena! Juzi ilikuwa yangu." Mado aliinuka. "Ulinisomea mweye mwenyewe. Kintu yote iko ndani ya lupango iko ya mwenye lupango. Mulinifungia mayi juu yake. Huyu mulimuletea faini juu yake. Sasa mwenye bomba amefunga bomba yake. Faini iko wapi? Kitabu iko wapi? Usome!"

"Ba mama, musikasirike..."

"Nikasirike! Mi nilikasirika tangu Novemba na hakuna muntu aliniona!"

Hapo Kiki, ambaye hatukumtegemea, alisogea mbele. Hakupandisha sauti. "Usome, mutoto yangu," alimwambia Ariel. "Tunangojea."

Ariel hakuwa na kitabu, na hata angekuwa nacho asingesoma. Alimvuta Clément pembeni. Hatukusikia yote, ila tulisikia neno fosi, yaani shimo la maji ya vyooni, mara tatu, na tukamsikia Clément akisema, "Lakini nililipa!" Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu wa hoteli akisema maneno yetu.

Fosi ilichimbwa. Shimo kubwa, nyuma ya hoteli, ndani ya ukuta wake mwenyewe, kwa siku kumi na moja. Na sasa lori la kunyonya huja kila mwezi, Clément analilipa. Bomba letu la zamani limebaki na familia zake, na tangu siku ile halijafurika, hata kwa mvua za Februari zilizoangusha ukuta wa shule.

Ningependa kuishia hapo, lakini sivyo ilivyokuwa. Wiki ileile fosi ilipoanza kuchimbwa, Caleb alipigiwa simu akiwa kwenye foleni ya malori, akaambiwa akabidhi mihuri ya ofisi, kazi imekwisha. Hakuna aliyemwambia sababu. Mado alipopata habari alikwenda hotelini akagonga geti mchana kweupe. Halikufunguliwa. Alikwenda kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne Clément alitoka hadi kwenye gari lake.

"Unifukuze mi," Mado alimwambia. "Mi njo nilianza. Ule mutoto alikufanya nini?"

"Mama, kazi ni yangu. Minapa mwenye minataka." Akafunga kioo.

Caleb alikaa miezi mitano bila kitu. Sasa anawaandikia karatasi madereva wa Zambia, kwa wengine leo, kwa wengine kesho, na fedha haifiki nusu ya ile ya zamani. Kiki hajawahi kumlaumu Mado mbele yangu. Lakini siku mke wa Caleb alipokuja kwa Kiki kuomba unga, nilimwona Mado anainuka na kutoka nje, akasimama akitazama ukuta wa hoteli hadi mgeni alipoondoka.

Maji ya Mado yalifunguliwa Agosti. Hakuna barua, hakuna samahani. Alikuta tu risasi imekatwa na mfereji unatoa maji. Faini bado imo kwenye karatasi yake kila mwezi, na kwenye ya Kiki pia. Wanashuka mjini pamoja, wanalipa maji waliyotumia, faini wanaipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuirudisha dirishani. Mhudumu anawaambia itaongezeka. Mado anamwambia iongezeke.